Siku Ambayo Fortunata Hakukimbia

Wateja wa jezi pale Mtaa wa Swahili, Kariakoo, walimpenda Fortunata kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Ukimwambia unataka seti ya timu, anakupima kwa macho, anapanda ngazi, anashuka na mzigo wako. Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, na akitembea katikati ya wabeba mizigo na mikokoteni hagusani na mtu. Anapita kwenye upenyo ambao wewe hukuuona. Waliowahi kumwona uwanjani walisema ndivyo alivyokuwa akiwapita mabeki. Lakini ukikosea ukamuuliza, "Dada, kwa nini uliacha mpira?" bei inapanda hapohapo, na hupunguziwi hata shilingi.

Hakuacha mpira. Aliachishwa. Na aliyemwachisha alimjua mpaka mluzi wake wa bafuni, kwa sababu walikulia nyumba moja.

Nyumba yenyewe iko Magomeni, vyumba vinatazamana na korido katikati. Mama yake Fortunata, mjane aliyeshuka kutoka Kibosho na binti mmoja, alipanga chumba cha mbele. Mlango wa pili alikaa Mama Allan, naye mtu wa Kilimanjaro, na mwanawe wa pekee. Wanawake wale waliuza maharage ya jumla pamoja, wakasali jumuiya moja, na watoto wao wakala sahani moja. Fortunata akipiga mpira ukutani, Allan anakaa kizingitini anamsimamia kama kocha. "Kushoto tena, Nata. Kushoto kwako bado butu." Fortunata akarudia mpaka majirani wakalalamika.

Wakakua. Fortunata akawa mshambuliaji wa timu ya wanawake ya klabu moja ya mjini, namba tisa, na mguu wa kushoto uliokuwa butu ukawa ndio unaoogopwa. Allan akaenda chuo kikuu, akarudi na laptopu na ndoto moja kubwa.

Siku aliyoileta ndoto hiyo, Fortunata alikuwa uani anafua. Ilikuwa kizibao cheusi, kifupi kama sidiria ya mazoezi, na mgongoni kati ya mabega kuna kimfuko cha kutia kifaa kisichozidi kiberiti.

"Kinapima kila kitu," Allan alisema, macho yanang'aa. "Mbio zako, mapigo ya moyo, mguu upi unaubebesha uzito kuliko mwenzake. Programu yangu inasoma hayo yote, inakwambia goti litaumia kabla halijauma. Nimeiita Jicho."

"Na nani mwingine ataona mambo yangu?"

"Wewe na mimi. Data ni yako, Nata. Mimi mtunzaji tu."

Akampa simu. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, madogo kama sisimizi, na chini yake kitufe cha kijani. "Bonyeza hapo. Ni utaratibu tu."

Fortunata akabonyeza kwa kidole chenye povu. Nani anamkalisha ndugu yake chini amsomee masharti?

Alikivaa karibu msimu mzima. Ili kisichanganyike na vya wenzake, alishona tisa ndogo kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Akamjazia Allan kila alichoulizwa: saa alizolala, alichokula, siku zake za mwezi na maumivu yake. Mambo ambayo hajawahi kumwambia mwanamume yeyote alimwambia Allan, akidhani anaiambia mashine.

Mwezi wa sita mama yake alianguka sokoni, katikati ya magunia, asiamke tena. Wakamsafirisha Kibosho. Kizibao kikabaki Magomeni, kimeanikwa kwenye kamba. Nani anawaza mazoezi siku ile? Allan alipanda basi la waombolezaji pamoja na mama yake. Walizika tarehe kumi na mbili, mchana, kwenye kihamba, shamba la ukoo, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na udongo umelowa unaganda viatuni. Jeneza lilipoanza kushuka miguu ya Fortunata ikamsaliti. Allan akamdaka mkono wa kulia, Mama Allan wa kushoto. Kisha Allan akachukua koleo, akafukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kwa muda mrefu baadaye, Fortunata akiikumbuka siku ile alikumbuka mikono miwili: wa mama yake uliopoa, na wa Allan uliomzuia asianguke.

Alibaki Kibosho wiki nyingi, anamalizia msiba na kuweka sawa nyumba ya marehemu. Aliporudi Dar, Kocha Bakili alimwita ofisini.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Kaa, binti yangu." Bakili alikuwa mtu wa Mtwara, mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya. "Wale wa klabu ya Afrika Kaskazini wamejitoa. Hawakutaki tena."

Fortunata alicheka kidogo, akifikiri ni utani. Mkataba wa kwenda kuchezea klabu ile ulikuwa unasubiri saini tu. "Wamejitoa kwa nini?"

Bakili akageuza kompyuta yake. Kwenye kioo kulikuwa na umbo la mwanamke asiye na uso, mwili wote kijani, isipokuwa goti la kushoto lililowaka jekundu. Juu yake: Mchezaji namba tisa. Hatari ya kuumia: kubwa sana.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa yule kijana wako. Alituletea uongozi tuone mfumo wake unavyofanya kazi. Wale wageni walipouliza kuhusu afya yako, katibu akawatumia."

"Kocha, goti langu zima! Nitazame!" Akasimama, akaruka juu ya mguu wa kushoto mbele ya meza, akaruka tena, vikombe vikagongana.

"Mimi naona uko mzima," Bakili alisema, macho chini. "Lakini sasa nani atasikiliza macho ya mzee?"

Alipigwa picha ya goti hospitalini. Daktari akasema safi. Aliipeleka klabuni. Katibu akamjibu kwamba picha inaonyesha leo, Jicho linaonyesha kesho. Msimu ulipoisha klabu yake nayo haikumwongezea mkataba. Nani anamsajili mshambuliaji ambaye goti lake limeshatabiriwa kuvunjika? Timu nyingine zilikuwa zimesikia. Habari za goti lile zilitembea kuliko goti lenyewe.

Alimfuata Allan. Alimkuta kwenye ofisi mpya, ghorofani, kiyoyozi kinapuliza.

"Uliniambia ni wewe na mimi."

"Nata, kuna sehemu ulibonyeza. Inasema naweza kushirikisha wadau."

"Wadau ndio nani?"

Allan akajikuna kidevu. "Sikiliza, dada yangu. Najua inauma. Lakini data haidanganyi. Ungeenda kule ungevunjika, ungerudi na magongo. Kama unaweza kutulia, utaona nimekuokoa."

Neno hilo, nimekuokoa, ndilo alilotoka nalo. Alishuka nalo ngazi, akalala nalo, akaamka nalo. Alipofungua fremu, kiduka cha jezi alichoanzisha apate riziki, lilikuwepo. Kila Jumapili asubuhi alikwenda Jangwani kucheza bonanza na vijana, kwenye vumbi na mawe, akikimbia kama anakimbizwa, akiutua mguu wa kushoto kwa makusudi mahali pabaya, na goti halikuuma. Kila Jumapili ambayo halikuuma chuki yake iliongezeka unene. Angeumia pengine angesamehe.

Allan naye alipaa. Alihojiwa redioni, akapigwa picha na watu wenye suti. Kila alipozungumza alitoa mfano wa mchezaji mmoja, hamtaji jina, ambaye Jicho liliona hatari iliyofichika hata kwa madaktari. Mama Allan alipopita dukani na vitumbua, Fortunata alimwamkia, akapokea, akashukuru, akavigawa kwa wabeba mizigo.

Ukweli ulimjia kwa mlango wa biashara. Ridhiwani, fundi wa gereji kule Gerezani, alikuja kununua jezi za timu ya mafundi. Zamani alikuwa beki, mpaka goti lake la kushoto likapasuka vibaya na kuungwa vibaya zaidi. Siku hizi alichechemea, na timu aliisimamia tu kwa mdomo. Alipokuwa anasubiri mzigo, simu ya mteja mwingine ikatoa sauti ya Allan, kwenye mahojiano.

"Aa, Jicho," Ridhiwani alisema. "Hata mimi nimewahi kukivaa hicho kidude. Kilinibana kifua, nusura nizimie."

Fortunata alikuwa juu ya ngazi. "Wewe? Lini?"

"Wakati ule huyo Allan ana ofisi jirani na gereji yetu. Akaniomba nimsaidie, nikivae nikienda kukimbia mazoezi ya kurudisha goti. Nikamuuliza mbona ni cha kike, akasema anajaribu betri. Nilikivaa wiki nyingi tu, kipindi kile cha baridi. Tena kilikuwa na tisa imeshonwa hapa ndani, kwa uzi mwekundu. Ikawa inanikwaruza shingo."

Fortunata alishuka ngazi taratibu, akakaa juu ya furushi la soksi.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wakati yeye yuko Kibosho anafuta vumbi kwenye picha ya mama yake, grafu yake ilikuwa na pengo. Allan alihitaji mfano wa kuonyesha, na mfano wenye pengo haupendezi. Akachukua kizibao kwenye kamba, akamvalisha kilema, akazirudisha nyuma tarehe za mbio hizo, akaziba pengo la Fortunata kwa mchechemeo wa Ridhiwani. Goti jekundu kwenye kioo lilikuwa goti kweli. Ila halikuwa lake.

Na Allan alijua. Hapo ndipo damu ilipochemka. Angekuwa mjinga angesameheka, lakini mtu huyu alikuwepo makaburini.

Ridhiwani aliposikia kisa chote alishika kichwa. "Dada, hili peleka ofisi zinazosimamia taarifa za watu. Sheria ipo siku hizi."

"Nitapeleka. Lakini ofisini ataita wakili, watazungumza Kiingereza cha kwenye kile kitufe, mwisho ataambiwa arekebishe. Mimi nataka watu wamwone kama walivyoniona mimi. Utanisaidia?"

"Mguu wangu ndio uliokuvunjia wako," Ridhiwani alisema. "Nitakosaje?"

Wiki hiyohiyo Fortunata alimpigia Allan. Alijizoeza sauti kwanza, akiwa peke yake nyuma ya mapazia ya jezi. "Kaka, nimechoka na ugomvi. Nimefikiri sana. Huenda kweli uliniokoa."

Upande wa pili Allan akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi, na Fortunata akasikiliza kilio kile kwa utulivu wa mpishi anayesubiri maji yachemke.

Mambo yalikwenda yenyewe baada ya hapo. Kulikuwa na wageni wanakuja, taasisi ya kutoka nje iliyotaka kuingiza Jicho kwenye shule na timu za vijana nchi nzima. Kungekuwa na mkutano, na Allan alitamani kitu kimoja: mchezaji mwenyewe asimame mbele aseme, "Ni mimi." Fortunata alikubali. Akapigwa picha za matangazo amevaa kizibao kipya, akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Aliketi ofisini kwa Allan akinywa chai yake, akamwomba amwonyeshe grafu ili azoee kuizungumzia, na Allan akafungua bila wasiwasi, amefurahi kama mtoto.

Fortunata alipitisha kidole polepole juu ya siku, moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia tarehe kumi na mbili Juni. Mchana. Mstari ulikuwa umepanda na kushuka, hatua baada ya hatua, mguu wa kushoto umelemaa.

"Hapa nilikimbia sana," alisema.

"Sana," Allan alijibu, akimimina chai. Hakutazama hata tarehe. Mtu akishadanganya siku nyingi, siku zote zinafanana.

Usiku ule Fortunata hakujigeuza kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisini kwa Bakili kulala kama mtu aliyeshiba.

Mkutano ulifanyika alasiri, kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na Mnazi Mmoja. Viti vilijaa: viongozi wa klabu, waandishi, wageni na wakalimani wao, wasichana wa timu na vizibao vyao, Kocha Bakili pembeni. Mama Allan alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, amejipaka poda. Daktari mmoja wa michezo, Stella, ndiye pekee aliyeuliza swali gumu mapema: mfumo umejaribiwa kwa wachezaji wangapi, na nani asiye na maslahi aliyeuhakiki? Allan akatabasamu. "Daktari, badala ya maneno mengi, acha niuite ushahidi unaotembea."

Makofi. Fortunata akapanda jukwaani.

"Hamjambo. Mimi ni mchezaji namba tisa," alianza, na ukumbi ukapiga makofi tena. "Watu wengi wanazungumza habari za goti langu, leo nimefurahi kulizungumzia mwenyewe. Kaka yangu Allan, nionyeshe siku moja tu pale ukutani. Tarehe kumi na mbili Juni, ule mwaka nilioachwa na timu."

Allan, bado anatabasamu, akagusa laptopu. Halafu mkono wake ukasimama hewani. Fortunata aliona tarehe ile inavyomwingia.

"Nata," alisema chini kwa chini, mbali na kipaza sauti, "tuache hiyo. Tuonyeshe nyingine."

"Fungua, kaka. Data haidanganyi."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja wa wageni akaashiria afungue. Allan akatazama mlango, akamtazama mama yake, akafungua. Ukuta mzima ukajaa ule mstari unaopanda na kushuka.

"Hapo nakimbia," Fortunata alisema. "Saa nane mchana. Mapigo ya moyo yako juu, mguu wa kushoto unalemaa. Mnaona? Hii ndiyo siku iliyovunja mkataba wangu. Sasa naomba nami niwaonyeshe ushahidi wangu."

Alimpa mtu wa mitambo simu yake. Ukutani ikaja video iliyotikisika, ya binamu yake: ukungu, migomba, padri, wimbo wa kwaya. Jeneza. Kando ya shimo, mwanamke mrefu amevaa nyeusi, magoti yanamkatika, na kijana anamdaka mkono wa kulia. Pembeni ya picha tarehe na saa zilisomeka wazi.

Fortunata akaelekeza kidole ukutani.

"Anayezikwa ni mama yangu," Fortunata alisema. "Anayelia ni mimi. Na anayenishika, halafu akachukua koleo, ni huyu hapa. Allan, waambie wageni wako. Siku hiyo nilikimbia wapi? Nilikimbia kuzunguka kaburi?"

Allan akatazama tena mlango.

"Basi nitawasaidia. Ridhiwani, njoo, ndugu yangu."

Kutoka nyuma kabisa Ridhiwani akainuka, akaanza kuja mbele kupitia njia ya katikati. Ukumbi ulikuwa mrefu. Alikuja polepole, kulia, kushoto kunalemaa, kulia, kushoto kunalemaa, na ukutani mtu wa mitambo, bila kuambiwa, alikuwa amerudisha ile grafu. Kabla hajafika jukwaani hakuna aliyehitaji maelezo. Daktari Stella alikuwa ameshasimama. Kocha Bakili alivua kofia, akaiweka magotini, akaitazama.

"Alinivalisha mimi," Ridhiwani alisema kwenye kipaza sauti. "Aliniambia anajaribu betri."

Allan akashika meza. "Nilikuwa na pengo tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kizingitini. "Wiki chache. Mfumo unafanya kazi, nawaapia, nilihitaji mfano mmoja safi ili waniamini. Ningerekebisha baadaye. Nata, niliogopa kukwambia."

"Kumbe hata wewe unaogopa," Fortunata alisema. Akamrudishia kipaza sauti, akashuka, akapita mbele ya Mama Allan bila kugeuza shingo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kama moto wa kibanda. Wageni waliondoka jioni ileile. Waandishi walisambaza video ya Ridhiwani akitembea, na ikatazamwa mitaa yote ya Bongo. Klabu ikavikusanya vizibao, katibu akasimamishwa, na ofisi inayosimamia taarifa za watu ikafungua shauri. Vijana waliomfanyia kazi Allan wakamkana. Fortunata alifuatilia yote hayo kwenye simu, dukani, na kila pigo lilipomfikia Allan alilionja polepole. Tusimpambe, alifurahi. Alinunua soda akawapa wabeba mizigo, wakamuuliza ana sherehe gani, akasema ana msiba uliokwisha.

Mama Allan alikuja siku ya tatu, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

Mama Allan hakuitikia. "Umemvua nguo mwanangu mbele za watu. Mimi niliyekufunga kanga siku ya msiba. Hukuweza kuja kuniambia? Ningempiga kwa mkono wangu."

"Ungempiga, mama. Kisha ungeniambia nisamehe, kwa sababu ni ndugu yangu. Na ningesamehe, kwa sababu ni wewe. Ndiyo maana sikuja."

Mwanamke yule akajifunga kanga upya. "Mama yako angeona aibu."

"Mama yangu alikuwa anazikwa, yeye akamfanya kuwa pengo. Nenda kamuulize mwanao nani aone aibu."

Mama Allan aliondoka, akapotea kati ya mafurushi ya vitenge. Hilo liliuma, na Fortunata hakuwa ametegemea liume. Alikaa juu ya furushi la soksi akauma kanga yake. Lakini hakumfuata.

Kuna lingine ambalo hakulitegemea. Siti, beki mdogo wa timu, alikuja dukani akiwa bado na nguo za mazoezi. Alimsalimu kwa adabu, akasimama anachezea zipu ya begi.

"Dada, sikulaumu. Ila mimi kile kizibao ndicho kilichoonyesha moyo wangu unaruka. Daktari Stella akanipima kwa mashine za hospitali, kweli nikakutwa na tatizo, natibiwa. Sasa vimekusanywa vyote. Kuna wenzangu hawajapimwa."

Kumbe ndani ya uongo ule kulikuwa na kitu kinachofanya kazi, na Allan alikizika mwenyewe kwa pupa ya kukionyesha kabla hakijaiva. Hilo lilimfanya Fortunata amchukie zaidi.

Shauri lilipoamuliwa, Allan alitakiwa kumwandikia kila aliyepelekewa taarifa ya uongo, klabu ya Afrika Kaskazini ikiwemo, na kufuta data za Fortunata akitaka, mbele yake. Klabu ile ilijibu kwa heshima. Walisikitika, nafasi ilishajazwa, na yeye sasa umri umesogea.

Kufuta kulifanyika chumbani kwa Daktari Stella, hospitalini, mchana. Allan alikuwa amekonda, shati limemzidi. Hakuthubutu kumwita Nata. Daktari aliweka kiti karibu na Fortunata.

"Za uongo zitakwenda zote, hilo halina mjadala," alisema. "Lakini wiki zako za kweli, kabla ya msiba, ni nzuri mno. Hatuna kipimo cha mwanamke wa hapa aliyecheza kwa kiwango kile bila kuumia. Vipimo wanavyotumia ni vya wanaume, tena wa mbali. Ukiniruhusu, nizitumie bila jina lako, kwa utafiti ambao wenzetu wataukagua. Zitawasaidia kina Siti. Ukikataa, zinafutwa, na hakuna atakayekulaumu."

Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu kumwomba ruhusa. Fortunata aliliona hilo, na alijua Daktari anasema kweli. Akaitazama mistari kwenye kioo: mechi za mvua, ile waliyoshinda ugenini, kushoto na kulia vinakwenda sawasawa kama hatua za gwaride. Hakuwahi kujiona akiwa mzuri namna ile. Kisha akamtazama Allan, ameinamisha kichwa, lakini macho yameinuka kidogo, yanasubiri. Kulikuwa na tumaini ndani yake. Zile wiki zikibaki, kitu chake kimoja kingekuwa kimebaki duniani.

"Futa," Fortunata alisema.

"Zote?" Daktari aliuliza.

"Siti nitamleta mwenyewe apimwe, yeye na wenzake wote, nitawasimamia mpaka wamalize. Mkitaka nianze upya kuvaa, nitavaa kwako, nisome kila neno kwa Kiswahili kwanza. Lakini hizi alizichukua yeye. Zote."

Allan akabonyeza. Mistari ikaondoka mwezi baada ya mwezi, za uongo na za kweli pamoja, mpaka kioo kikabaki cheupe. Akaanza kulia. Safari hii Fortunata alisubiri utamu ule aliouzoea, haukuja, na wala huruma haikuja. Aliweka mkoba begani, akamuaga Daktari.

Nje jua lilikuwa kali. Alisikia njaa, njaa ya kweli, akasimama kwa muuza mihogo ya kukaanga, akaagiza na pilipili nyingi. Alikula amesimama, anafuta jasho, na alipomaliza akaagiza tena.